Namna ya kumfuata babu Mwingereza hadi kijijini kwao ukiwa hapa Tukuyu

Kwa miaka 19 nimekuwa karani wa ushirika wetu wa Moravian hapa Rungwe. Vitabu vyote viko mikononi mwangu: ubatizo, kipaimara, ndoa, mazishi. Najua vinavyojazwa. Mama anafika Jumapili na mtoto mgongoni, mvua imemlowesha, anataja jina la mtoto kwa sauti ndogo, nami naandika nilichosikia. Kama hajui kusoma, kosa langu linakuwa jina la mtoto huyo hadi siku atakapohitaji cheti. Nilipoanza kumtafuta baba mzazi wa mama yangu, Mwingereza aliyechimba dhahabu Lupa miaka ya 1930, ujuzi huu wa ukarani ulinisaidia kuliko kompyuta.

Nawaandikia wenzangu. Kutoka Chunya hadi Mufindi zipo familia ambazo babu alitoka Uingereza, akachimba au akasimamia chai, akaacha watoto na jina la ukoo ambalo wajukuu wanalitamka kila mmoja kivyake. Mkiambiwa kwamba ukoo wa vibarua wa shambani wa karne ya 19 haufuatiliki kwa sababu hawakuwa na ardhi wala wosia, msikubali. Wameandikwa. Ila waliandikwa na watu wengine, na lazima ujue ni nani alisema na nani alishika kalamu.

Anza kwa wazee, kabla hujanunua bando. Mimi nilikwenda Chunya kwa mama mkubwa, ambaye sasa amevuka miaka 90. Nilikaa siku tatu, nikichambua naye maharage, na sikutoa kaunta buku hadi siku ya pili.

"Mama mkubwa, babu alikuwa akisema kwao ni wapi?"

"Pyuzi, mwanangu. Kwao ni Pyuzi. Na mlimani kwao kuna farasi mweupe asiyetembea."

Habari ya farasi nilikuwa nimeisikia tangu utoto nikaiona ni hadithi ya kubembelezea watoto. Safari hii niliiandika kama alivyoitamka, neno kwa neno. Ndivyo mnavyopaswa kufanya na kila neno la mzee. Msilisahihishe wala kulifanya lionekane la Kiingereza. Akaniambia pia kwamba jina lake yeye alipewa la dada wa babu aliyekufa mdogo. Kisha akafungua ncha ya kanga akatoa medali ya vita ya 1914 hadi 1918.

Medali za aina hiyo msiziangalie usoni tu. Geuza, soma ukingo kwa mwanga wa pembeni. Pale zimegongwa namba ya askari, cheo, herufi ya kwanza ya jina, jina la ukoo na kikosi. Ya babu iliandikwa kikosi cha Wiltshire, kaunti ya kusini magharibi mwa Uingereza. Na Wiltshire ndiko kwenye farasi weupe waliochorwa milimani kwa kubandua majani hadi chaki nyeupe ya chini ikaonekana. Mmoja uko Alton Barnes, umechongwa mwaka 1812, katika bonde la Pewsey. Pewsey, Pyuzi. Nilimpelekea mama mkubwa picha ya mlima ule kwenye simu. Aliitazama muda mrefu, kisha akasema tu, "Ndiye."

Faili za askari wa vita ile msizitegemee sana. Nyingi ziliungua London Septemba 1940 kwa mabomu ya Wajerumani. Ukiikosa ya babu yako, endelea mbele na sensa.

Waingereza walihesabu watu kila miaka 10, na kuanzia 1841 kumbukumbu zenye majina ya kila mtu zimehifadhiwa. Hufunguliwa baada ya miaka 100, kwa hiyo ya 1921 ilifunguliwa 2022. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na 1941 hawakuhesabu kwa sababu ya vita. Fungua akaunti ya bure kwenye tovuti ya FamilySearch, ambako faharasa za sensa nyingi unazisoma bila kulipa. Anza na ya karibu kabisa ambayo babu yako angekuwemo, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua, 1911, 1901, 1891, bila kuruka hata moja. Anayeruka kizazi huangukia ukoo wa watu wengine.

Hayo nayasema kwa uchungu, kwa sababu nilipotea miezi saba. Wilaya ya usajili ya Pewsey ilikuwa na watoto wawili wa jina lile lile, wamepishana mwaka mmoja na nusu. Nikamchukua wa kwanza kwa kuwa tarehe yake ilikaribia umri aliokuwa akiutaja babu. Nikafuata wazazi wake, babu zake, nikajaza kurasa 14. Baadaye nikatazama vifo, nikakuta mtoto yule alizikwa kabla hajatimiza mwaka. Ukoo ulikuwa mmoja, lakini yule alikuwa wa nyumba nyingine. Tangu hapo, kila mtoto ninayemkuta namtafuta kwanza kwenye vifo vya miaka mitano inayofuata, ndipo namwingiza kitabuni. Waingereza wa vijijini walirudia majina ya mababu kama sisi, na mtoto akifa, anayefuata mara nyingi hupewa jina lile lile.

Aliyenitoa gizani ni mama mkubwa, kwa lile jina lake. Sensa ya 1911 ina jambo ambalo nyingine hazina. Mwanamke aliye kwenye ndoa aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi hai katika ndoa hiyo, wangapi wanaishi, wangapi wamekufa. Na fomu yenyewe iliyohifadhiwa ndiyo ile ya mwandiko wa nyumbani. Katika nyumba mojawapo yenye mvulana wa miaka 14 mwenye jina la babu iliandikwa: ndoa miaka 17, watoto 9, walio hai 6, waliokufa 3. Nikarudi 1901. Nyumba ile ile ilikuwa na msichana wa miaka miwili mwenye jina la mama mkubwa, na 1911 hayumo. Nikaenda kwenye faharasa ya vifo, nikamkuta. Nilimpigia mama mkubwa simu usiku huo huo.

Sasa vyeti. Uingereza na Wales zilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo Julai 1, 1837. Faharasa utaisoma bure kwenye tovuti ya FreeBMD, iliyochapwa na watu wa kujitolea, au kwenye tovuti ya ofisi kuu ya usajili, GRO, ambayo kazi yake inafanana na ya RITA yetu. Ya GRO ni ya vizazi na vifo tu, lakini ina faida kubwa: kwa vizazi inaonyesha jina la ukoo la mama kabla hajaolewa, tangu 1837. Kwa hilo unawatenga ndugu wa nyumba moja na majirani wa jina moja. Usajili umegawanywa kwa robo za mwaka, na robo ni ya tarehe ya kusajili. Mtoto wa mwisho wa Novemba anaweza kuonekana mwaka unaofuata. Na kabla ya 1875 mzazi asiyemsajili mtoto hakuadhibiwa, kwa hiyo wengine hawamo kabisa. Utawakuta kwenye ubatizo.

Cheti kamili hulipiwa. Binti yangu aliye Mbeya mjini alilipa kwa kadi yake, nakala ya kidijitali ikaja kwa barua pepe. Hiyo ni nafuu kuliko ya karatasi, ila ni ya kizazi au kifo tu; cha ndoa huja kwa karatasi. Kama pesa ni ya kuagiza kimoja tu, agiza cha ndoa. Kina wanandoa wawili, baba zao wawili na kazi za baba zao, mashahidi, na sahihi. Asiyejua kuandika aliweka alama ya X. Mama wa bwana harusi na wa bibi harusi hawamo. Kwa miaka 184 mama hakuandikwa kwenye cheti cha ndoa cha Uingereza, hadi Mei 2021.

Cheti cha wazazi wa babu kilipokuja, mahali pa baba wa bwana harusi palikuwa mstari mtupu.

Katika kitabu changu cha ubatizo mistari ya namna hiyo ninayo mingi, na kila mmoja nakumbuka uso wa mama aliyesimama mbele ya meza. Kwa hiyo nilijua la kufanya: kumtafuta mama. Sensa ya 1881 ilimwonyesha bwana harusi huyo akiwa mtoto wa miaka 12, akiishi kwa babu na bibi yake, ameandikwa mjukuu, na jina lake la ukoo ni la babu huyo. Kwenye faharasa ya GRO, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa huwa na kistari tu mahali pa ukoo wa mama. Sasa nenda kwenye ubatizo. Makanisa ya Uingereza yalianza kuandika vitabu mwaka 1538, na kuanzia 1813 ubatizo uliandikwa kwenye fomu zilizochapwa: mtoto, wazazi, makao, kazi ya baba, jina la mchungaji. Kila mwaka nakala ilipelekwa kwa askofu, kwa hiyo kitabu cha parokia kikiliwa na panya, uliza nakala ya askofu. Kwa Wiltshire vitabu hivi viko katika hifadhi ya kaunti pale Chippenham, na watu wa kujitolea wa Wiltshire OPC (makarani wa parokia wa mtandaoni) wamenakili parokia nyingi bure. FreeREG nao wana za kaunti nyingine.

Nilimkuta: amebatizwa 1868, mama ameandikwa kwa jina lake, na mahali pa kazi ya baba pameandikwa kwamba huyu ni mwanamke asiyeolewa. Mtoto alikuwa na jina la kati linalosikika kama jina la ukoo wa watu wengine. Mara nyingi mama alimficha baba wa mtoto mahali hapo. Ni fununu, ichukueni kama fununu. Tangu 1844 mama wa namna hiyo aliweza kumpeleka mwanaume mbele ya mahakimu alipe matunzo, na kumbukumbu zilizosalia ziko kwenye hifadhi za kaunti. Ya kwangu bado naitafuta, na kwenye kaunta buku jina lile la kati limeandikwa kwa penseli.

Kuhusu tahajia: jina letu linaanza na H. Watu wa vijiji vile waliimeza H walipozungumza, na karani wa sensa ya 1871 aliandika alichosikia. Nilitafuta wiki mbili kwenye H. Walikuwa kwenye A. Litamkeni jina lenu kwa sauti, kama mtu aliyechoka kutoka shambani, mwandike kila namna linavyoweza kusikika. Na kila mara fungueni picha ya ukurasa wenyewe, maana aliyechapa faharasa naye alikuwa akikisia mwandiko. Mkiwa hapo, someni kurasa mbili za kabla na mbili za baada. Nyumba ya tatu kutoka kwa wazee wetu ilikuwa na mjane mwenye ukoo ule ule wa bibi harusi, na ndipo nilipojua bibi harusi alitoka wapi.

Sensa ya 1851 ndiyo ya kwanza kutaja uhusiano na mkuu wa nyumba na parokia ya kuzaliwa. Ya 1841 ni ngumu zaidi. Haitaji uhusiano, na umri wa waliotimiza 15 na zaidi ulishushwa hadi namba inayogawanyika kwa tano iliyo chini yake. Kijana wa miaka 17 aliandikwa 15. Kazi imefupishwa "Ag Lab", kibarua wa shamba, na ukurasa mzima unaweza kuwa na maneno hayo tu kuanzia juu hadi chini. Wetu yumo pale, 15, ambaye kwa ubatizo alizaliwa 1824.

Nyuma ya hapo vitabu vya kanisa vinaendelea. Ndoa zilitangazwa kanisani mara tatu kama tunavyofanya hapa, na tangu 1754 matangazo hayo yana kitabu. Zipo pia kumbukumbu za msaada wa maskini, maana mwaka wa njaa kibarua alihojiwa alizaliwa wapi na alifanya kazi kwa nani ili ijulikane ni parokia ipi itamlisha. Sijafika huko kwa ukoo wetu.

Nilirudi kwanza kwa yule mwanamke wa 1868. Alihamia Swindon, ambako reli ya Great Western ilikuwa na karakana kubwa tangu 1843, akaolewa na mfanyakazi wa karakana hiyo. Mwaka 1911 ana miaka 62, mume yuko hai, wamejaza fomu: watoto 5, hai 5. Swali lilihusu ndoa hiyo peke yake, kwa hiyo mwanawe wa kwanza hakuhesabiwa. Kwenye kaunta buku yangu nimeandika 6, na jina lake nimeliweka la kwanza.