Namna ya Kuwashirikisha Wazazi katika Huduma ya Vijana Usharikani

Katika sharika nyingi za Kilutheri nchini Tanzania, mzazi wa kijana huitwa kanisani kwa sababu mbili: kuna mchango unaotakiwa, au kuna kosa lililotendeka. Mlezi wa vijana anayetaka msaada wa wazazi hana budi kuanza kwa kuivunja desturi hiyo, kwa maana mzazi aliyezoea kuitwa kwa shida huukwepa hata wito wa heri.

Wakati unaofaa kuliko wote ni majuma ya kuandikisha watoto wa mafundisho ya kipaimara, kwa kuwa hapo mzazi mwenyewe ana haja na kanisa. Omba kwa mchungaji nafasi ya kukutana na wazazi baada ya ibada, kwa muda usiozidi dakika 40, na fedha zisitajwe kabisa siku hiyo. Waulize wanahofia nini juu ya watoto wao, kisha sikiliza na uandike. Waeleze pia kwamba Martin Luther alipotoa Katekisimo Ndogo, kitabu chake kifupi cha mafundisho ya imani, mwaka 1529, aliandika kwamba mkuu wa nyumba ndiye awafundishe watu wa nyumbani mwake; mwalimu wa kipaimara, basi, anamsaidia mzazi kazi iliyo yake.

Baada ya hapo, kila juma mpe kijana swali moja la kwenda nalo nyumbani. Mkifundisha Amri ya Nne, ya kuwaheshimu baba na mama, amwulize mzazi jinsi alivyolelewa yeye na wazazi wake. Swali la namna hii halimwaibishi asiyejua kusoma, wala halimfungii mlango mzazi wa dini nyingine. Katika Biblia, Timotheo baba yake alikuwa Myunani, na imani anayosifiwa ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Kwa hiyo bibi anayelea wajukuu naye aalikwe kama mzazi kamili.

Asiyefika mkutanoni afuatwe nyumbani, mlezi akiongozana na mzee wa kanisa wa jumuiya yake. Mama mwenye genge asitembelewe saa ya wateja. Katika ziara ya kwanza taja jema ulilomwona nalo mtoto, uombe pamoja na familia, uage. Makosa yasubiri.

Jambo linalohitaji busara zaidi ni mipaka. Kijana hafungui kinywa akimwona mama yake ameketi nyuma ya darasa, kwa hiyo mzazi anayejitolea, awe nesi wa kuzungumzia afya au fundi seremala wa kufundisha ufundi, apangiwe kundi asilokuwamo mwanawe. Vilevile semeni mapema, wazazi na vijana wakiwa pamoja, kwamba anayoyaeleza kijana kwa mlezi hayatapelekwa nyumbani, isipokuwa pale maisha yake au ya mwingine yamo hatarini, au kuna ukatili. Na kama mkatili ni mtu wa nyumba hiyohiyo, taarifa iende kwa mchungaji, ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi. Nasisitiza hili kwa sababu siri ikivuja mara moja tu, vijana hawatamwamini mlezi tena.

Kwa safari za makongamano, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kwa hiyo mzazi atie saini fomu ya ruhusa yenye mahali, saa ya kurudi, maradhi ya mtoto na namba ya simu, na wazazi wawili angalau wawemo katika msafara. Kundi la WhatsApp libaki la ratiba na taarifa. Wasio na simu janja watumiwe ujumbe wa kawaida.

Mwisho, waiteni wazazi tena majuma mawili kabla ya siku ya kipaimara, wakati wengi wanawaza shela, suti na keki. Kikao hiki kihusu Jumapili inayofuata sherehe, kwa kuwa ndipo vijana wengi huanza kutoweka. Kila mzazi na mwanawe wakubaliane papo hapo kama ataingia kwaya, atasaidia Shule ya Jumapili au atajiunga na umoja wa vijana, na mlezi aandike jina la kijana pamoja na la mtu mzima atakayempokea huko.