Bastola ya kuanzishia mbio: fuata haya kabla hujainunua

Risasi baridi ina baruti, haina kichwa. Ndiyo maana walimu wengi wa michezo huiona bastola yake kama kipyenga tu. Kisheria si hivyo. Mbali na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Tanzania ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya 2004, inayohesabu kuwa silaha hata chombo chenye mtutu kinachogeuzika kwa urahisi kikarusha risasi. Hofu ya kugeuzwa hivyo ina msingi: Februari 2025 polisi Uingereza waliwataka wananchi wasalimishe aina kadhaa za bastola hizi zilizotengenezwa Uturuki, kwa kuwa wahalifu walikuwa wakizigeuza.

1. Barua kwanza, pesa baadaye. Mwandikie Mkuu wa Polisi wa Wilaya (OCD). Taja kiwanda, modeli, kipimo cha risasi baridi (mfano 8 mm au 9 mm P.A.K.), gesi inatokea mbele ya mtutu au juu, nani ataitunza na wapi. Ambatisha utambulisho wa serikali ya mtaa na wa shule. Omba jibu la maandishi. Ulichoambiwa kwa mdomo kaunta hakitakusaidia forodhani.

2. Kibali cha kuingiza nchini kitangulie mzigo. Wengi hukwama hapa: wanaagiza mtandaoni, wanaandika "vifaa vya michezo", mzigo unazuiwa, na maelezo wanayatoa wakiwa watuhumiwa.

3. Utunzaji. Bastola kabati lake, risasi kabati lake, yote kwa kufuli. Daftari lionyeshe zilizotoka, zilizolipuka na zilizorudi.

4. Safarini na uwanjani. Usiichomeke kiunoni. Ukienda Kondoa au Mpwapwa, iwe kwenye sanduku la kufuli pamoja na kibali. Askari wa kizuizi cha barabarani hawezi kuitofautisha na ya kweli. Ielekeze juu, ziba masikio, watu wakae mbali. Gesi ya mtutu inaua: mwaka 1984 mwigizaji wa Marekani Jon-Erik Hexum alifariki baada ya kujifyatulia risasi baridi kichwani.

Kwa mashindano ya shule, ushauri wangu ni vibao vya kugonganisha badala ya bastola. Chukua mbao mbili za sentimita 50 kwa 10, ziunge kwa bawaba upande mmoja, paka nyuso za nje rangi nyekundu, weka vishikio. Havihitaji kibali. Mwanzishaji avinyanyue juu ya kichwa, na washika saa wabonyeze wanapoona vibao vimegongana, si wanaposikia: sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, hivyo kwenye mita 100 anayesubiri mlio huchelewa karibu sekunde 0.3.