Mshahara wa Novemba ukiingia Januari, kagua PAYE (kodi ya mshahara) yako hivi

Wadau wa Mtwara na Lindi, hasa mlioko kwenye viwanda vya korosho na maghala, hii inatuhusu sana. Novemba kimya, Desemba kimya, halafu Januari inaingia miezi mitatu kwa mpigo, mtu anakimbilia kulipa madeni ya duka na ada za watoto, slipi hata haiangalii. Iangalie kwanza.

Mwaka wa kodi wa mfanyakazi ni Januari mpaka Desemba, sio ule wa bajeti unaoanza Julai. Na kodi ya mshahara inafuata siku uliyolipwa, sio mwezi uliofanyia kazi, kwa hiyo hiyo Novemba na Desemba yako imeshahamia mwaka mpya.

Chukua karatasi. Tuseme grosi laki tano, toa mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10, inabaki 450,000. Huku bara 270,000 ya kwanza haiguswi, kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, basi kodi yako ni 14,400 kwa mwezi, miezi mitatu 43,200. Sasa mhasibu akirundika yote kama mshahara wa mwezi mmoja inakuwa 1,350,000, unarushwa daraja la juu kabisa ambalo ni 128,000 na juu yake asilimia 30 ya kilichozidi milioni, unakatwa 233,000! Tofauti 189,800, na aliyechelewesha sio wewe.

Piga sasa kwa jedwali la mwaka, yaani madaraja yale yale mara 12, hapa ndo wengi hatufiki. Kwa mwaka kisichokatwa ni 3,240,000. Mwaka uliopita ulipokea miezi kumi tu, 4,500,000, kodi yake 100,800, ila slipi zako zinaonyesha 144,000 kwa sababu ile nafuu ya miezi miwili hukuitumia. Hapo una 43,200 iliyozidi. Mwaka mpya, kama mingine yote italipwa kwa wakati, utapokea miezi 14, yaani 6,300,000, kodi 252,000 kwa sababu kiasi kidogo kinavuka daraja la asilimia 8. Jumla miaka miwili 352,800, wakati ungelipwa kawaida ingekuwa 345,600. Kuvuka mwaka kwenyewe kunakula 7,200 tu, kinachoumiza ni kule kurundika.

Kwa hiyo muwahi mhasibu hela ikiingia tu, kwa sababu PAYE inatakiwa ifike TRA (Mamlaka ya Mapato) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, ikishaenda kuirudisha ni safari ndefu. Mwombe malimbikizo yakae mstari wake kwenye slipi na kodi ipigwe kwa jedwali la mwaka, mpelekee hesabu ukiwa umeshaipiga, ongea naye vizuri tu. Kama imeshakwenda, andika barua TRA ya kuomba marejesho, weka TIN (namba yako ya mlipakodi), slipi za miaka yote miwili na taarifa ya benki inayoonyesha tarehe hela ilipoingia, hiyo tarehe ndo ushahidi wako mkubwa. Na kama bosi ana hela ya mwezi mmoja tu mfukoni mwisho wa mwaka, mbembelezeni ailipe kabla ya Desemba 31.