SOMO: Namna ya kumpa mwenzako nyimbo za disko zenye majonzi, zikamfikia

Wakuu, salaam.

Kila wiki naulizwa lile lile: "Nipe nyimbo za disko za kulia." Nikitaja kumi, mtu anashukuru, siku mbili baadaye anarudi kuniambia kasikiliza zote na hakuona cha kumliza. Nimelijibu mara nyingi mno, kipande huku kipande kule, kwenye nyuzi za watu. Leo naliandika lote mahali pamoja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Nazungumzia nyimbo zile ambazo miguu inacheza huku koo limekaba. Ziko nyingi, na zina asili yake. Mwaka 1973, mjini Philadelphia, Harold Melvin & the Blue Notes walikuwa na wimbo "The Love I Lost". Mwanzoni ulikusudiwa uwe wa taratibu, wa mtu kulilia penzi lililompotea. Ukaongezwa mwendo. Mpiga ngoma Earl Young akaiweka ngoma ya mguu kwenye kila pigo, moja mbili tatu nne, matoazi yakipumua katikati, na mdundo wa namna ile ndio disko iliotembea nao miaka yote iliyofuata. Mwimbaji wao, Teddy Pendergrass, bado analia humo ndani, ila sasa analia huku anatembea. Kwa hiyo anayesema disko ni muziki wa sherehe tu, mwambie majonzi yalikuwemo tangu mdundo unazaliwa.

Haya, twende.

HATUA YA 1. Chagua mtu kwanza, ndipo uchague nyimbo.

HATUA YA 2. Zisizidi saba.

HATUA YA 3. Changanya za zamani na za sasa, lakini zishikane mikono. Ukimpa za zamani tupu atadhani unampeleka makumbusho. Ukimpa mpya tupu hatajua zimetoka wapi. Mimi hupenda kuweka "I Will Survive" ya Gloria Gaynor, 1978, halafu papo hapo "Dancing On My Own" ya Robyn, 2010. Zimepishana miaka 32 na zote zinakwenda karibu mapigo 117 kwa dakika, hivyo mwili hausikii mshtuko wa kuhama. Wa kwanza anamfungia mlango aliyemwacha; wa pili kasimama pembeni ya ukumbi anamtazama aliyemwacha akiwa na mwingine. Ukizisikiliza zikifuatana, utadhani ni mtu mmoja kwenye usiku mbili tofauti.

HATUA YA 4. Hakikisha TOLEO. Hapa naomba mtulie, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Rafiki yangu alikuwa ametoka kwenye ndoa iliyovunjika. Nikamwandalia nyimbo sita, ya mwisho "Last Dance" ya Donna Summer, ile iliyotungwa na Paul Jabara mwaka 1978. Unaanza taratibu kama wimbo wa kubembeleza, kisha unachomoka. Lakini lile toleo refu, la dakika 8, katikati linashuka tena mpaka kwenye ule utaratibu wa mwanzo, kana kwamba anayeimba kaishiwa nguvu na kurudi kukaa. Halafu anainuka mara ya pili. Mimi kinachonivunja ni kule kuinuka kwa mara ya pili. Nikamwandikia: "Subiri pale unaposhuka mara ya pili. Wimbo wenyewe uko hapo."

Nikamtumia toleo fupi.

Ile sehemu ya katikati ilikatwa kwenye santuri ndogo ya inchi 7 ili wimbo utoshe redioni, na mikusanyiko mingi ya nyimbo zake bora inabeba matoleo yaliyofupishwa. Sikuangalia urefu. Yeye akausikiliza mara nne, usiku, akisubiri kitu ambacho hakikuwemo. Asubuhi akaniandikia: "Nimesubiri sijapaona. Labda mimi sina sikio." Nilipogundua nikamtumia lile refu na kumwomba radhi, akajibu ahsante, basi. Alishachoka kusubiri. Mtu aliyeachwa nikamfanya ajione hata wimbo umemkataa. Sijalisahau jambo hili, na ndiyo sababu hatua hii ni ndefu kuliko nyingine zote.

Kwa hiyo, kabla hujatuma, usikilize wewe mwenyewe hadi sekunde ya mwisho, kwa kupitia kiungo kile kile utakachomtumia. Wimbo unaoujua kwa dakika 8 ukiuona una dakika 3 na ushei, ujue umekatwa. "The Love I Lost" nao kwenye santuri ndogo uligawanywa sehemu mbili. Ukituma sehemu ya kwanza peke yake umetuma nusu ya kilio.

ONYO kubwa zaidi: wasanii wengi wa miaka ya 70 walizirekodi upya nyimbo zao baadaye. Jina lile lile, msanii yule yule, lakini sauti imekuwa nzito, fidla zimegeuka kinanda cha umeme, na ngoma ni ya mashine. Angalia jina la albamu na mwaka. Jalada likionyesha mkusanyiko usioujua, shuku. Na msichanganye hayo na rekodi ya zamani iliyosafishwa sauti, hiyo haina neno, ni ile ile imeoshwa uso.

Onyo la mwisho: urefu si ubora siku zote. "Missing" ya Everything But The Girl ilitoka 1994 ikiwa tulivu, na mwaka 1995 rimiksi ya Todd Terry ndiyo iliyoipa miguu. Zote mbili ni halali. Jua tu unatuma ipi na kwa nini.

HATUA YA 5. Kila wimbo uambatane na sentensi moja inayoonyesha pa kusikiliza. "Utalia" si sentensi, ni amri. Mfano wangu, kwa "Lay All Your Love on Me" ya ABBA, 1980: "Kila kabla ya kiitikio, sikia sauti inavyoteleza kwenda chini, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo." Basi. Akishaisikia ile kuteleza, mengine atayapata mwenyewe.

HATUA YA 6. Wimbo mzito kuliko yote usiuweke mwisho. Uweke wa tatu kutoka mwisho, umwachie nyimbo mbili za kujifuta uso.

HATUA YA 7. Tuma, kisha nyamaza. Usimuulize kesho yake.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

—

haraka_haraka: Mkuu mbona maelezo marefu hivyo, weka viungo tu watu wasikilize.

Mwandishi: Soma hatua ya 4.

haraka_haraka: Nimeipitia juu juu. Viungo viko wapi?

Mwandishi: Irudie, usiipitie juu juu. Kutupa viungo bila kuangalia toleo ndilo kosa nililolieleza kwa aya sita.

fidla_ya_usiku: Ahsante kwa somo. Nina swali: kwa nini nyimbo hizi zilikuwa na matoleo marefu hivyo? Ilikuwa ni kwa ajili ya kucheza tu?

Mwandishi: Swali zuri, dada, acha nikae vizuri. Kucheza ndiko kulikoanzisha. Santuri ya inchi 7 haibebi dakika nyingi, na ukumbini wimbo ulikuwa unakatika watu ndio kwanza wamepata joto. Tom Moulton, mchanganyaji wa New York, akaanza kuzirefusha. Siku moja sahani tupu za inchi 7 za majaribio zilikuwa zimekwisha, fundi akamchongea wimbo kwenye sahani kubwa ya inchi 10. Mifereji ya sauti ikaonekana imejikunyata kwenye kipande kidogo, kwa hiyo wakaitawanya ienee sahani nzima. Mifereji ikiwa na nafasi, sauti inatoka kubwa na besi inashuka chini zaidi. Kutoka hapo wakafika inchi 12, na mwaka 1976 kampuni ya rekodi ya Salsoul wakaiuza madukani "Ten Percent" ya Double Exposure katika ukubwa huo, rimiksi ya Walter Gibbons.

Sasa kuhusu majonzi, haya ni maoni yangu: urefu ule uliwapa waimbaji nafasi ya kurudia neno moja mpaka libadilike maana. Mara ya kwanza "usiniache" ni ombi. Mara ya kumi ni kitu kingine kabisa.

fidla_ya_usiku: Hapo kwenye kurudia umenigusa. Basi "Don't Leave Me This Way" nianze na ipi? Naona ziko nyingi.

Mwandishi: Sikiliza tatu kwa mpangilio wa miaka. Harold Melvin & the Blue Notes, 1975, Pendergrass tena, anaimba kama mtu aliyegoma kutoka mlangoni. Kisha Thelma Houston, 1976, uliofika namba moja Marekani mwaka uliofuata: beti anaziimba chini chini, karibu ya kunong'ona, halafu kiitikio kinapasuka. Chukua toleo la albamu, linazidi dakika 5. Mwisho The Communards, 1986, namba moja Uingereza, kwa kasi kubwa kuliko zote na sauti ya Jimmy Somerville juu kabisa. Kwa mtu mwenye majonzi mimi natuma ya Houston. Ile minong'ono ndiyo inayomwambia kwamba anaeleweka.

besi_nne: Samahani, I Will Survive ni wimbo wa furaha. Unapigwa kwenye kila sherehe. Umekosea kuuweka.

Mwandishi: Sijakosea. Sikiliza ubeti wa kwanza, pale ngoma hazijaingia na kuna kinanda na sauti tu. Anaanza na woga. Ushindi unakuja baadaye, na unakuja kwa sababu woga ulitangulia. Gaynor mwenyewe aliurekodi akiwa anauguza mgongo baada ya kuanguka jukwaani, na kampuni ikauweka upande wa pili wa santuri ya "Substitute". Madijei ndio walioigeuza sahani. Mwaka 1980 ukachukua Grammy ya rekodi bora ya disko, tuzo iliyotolewa mara hiyo moja tu. Kupigwa kwenye sherehe hakuufuti ubeti wa kwanza.

besi_nne: Sawa mkuu, nilikuwa sijawahi kuusikiliza huo mwanzo kwa makini. Niongeze dondoo: msisikilizie kwenye spika ya simu. Besi inapotea, na kwenye nyimbo hizi besi ndiyo inayokushika kiunoni wakati maneno yanakushika koo. Besi ikipotea unabaki na mtu analalamika tu.

Mwandishi: Hili nalikubali kabisa, lilipaswa kuwa hatua. Hata hedifoni za kawaida zinatosha.

kaseti: Nami niongeze: zimeni ule mchanganyo wa programu unaoruka ruka nyimbo. Mtu kapanga mpangilio wake, simu inaubomoa.

Mwandishi: Kweli. Na mpangilio una historia yake: albamu ya Gaynor ya 1975, "Never Can Say Goodbye", upande wa kwanza una nyimbo tatu zilizoungwa na huyo huyo Moulton bila pengo. Ukiuchanganya upande ule umeuua.

mgeni_wa_leo: Nimemtumia mtu nyimbo 40 wiki iliyopita, hajajibu. Tatizo nini?

Mwandishi: Hatua ya 2. Kisha hatua ya 7.

kivuli: Mimi ni kijana wa sasa. Za zamani nazisikia ziko mbali. Nianzie wapi kwa mpya?

Mwandishi: Anzia ulipo, hakuna dhambi. Albamu "Honey" ya Robyn, 2018, inafungua na "Missing U": vinanda vinameta juu juu huku anazungumza na nafasi aliyoiacha mtu aliyeondoka. Kisha "Run Away with Me" ya Carly Rae Jepsen, 2015. Kisha albamu ya Jessie Ware, "What's Your Pleasure?", 2020, mpaka mwisho wake. Ukimaliza hapo rudi nyuma hatua moja tu, 1984, "Smalltown Boy" ya Bronski Beat, kijana anaondoka kwao asubuhi peke yake. Ukiipenda ile sauti ya juu, ni Somerville yule yule niliyemtaja kwa fidla_ya_usiku. Utashuka ngazi kwa ngazi, hutasikia umbali.

kivuli: Naomba swali la mwisho. Rafiki yangu kafiwa na mwenzake waliyekulia pamoja. Kuna wimbo wa namna hii wa kumpa, au nikae kimya?

Mwandishi: Pole yako na yake. Sasa hivi kaa naye, nyimbo zisubiri. Zikipita wiki kadhaa, ukimsikia ameanza kumtaja marehemu kwa kicheko kidogo, mpe mmoja tu: "Being Boring" ya Pet Shop Boys, 1990. Mwimbaji wao, Neil Tennant, aliuandika akimkumbuka rafiki yake aliyefariki kwa UKIMWI. Unakwenda kwa mwendo wa kucheza, beti zinaanzia ujanani, na anayekosekana anafika katika ubeti wa mwisho. Usimwambie hilo kabla. Hapa hata ile sentensi ya hatua ya 5 iache. Mwambie tu, "nilikukumbuka."

kivuli: Nimekuelewa. Nitasubiri.

haraka_haraka: Mkuu nimerudi. Nimeangalia Last Dance yangu, ilikuwa dakika 3 na ushei. Nimeitafuta ile ndefu. Pale katikati nilidhani umekwisha, nikashika simu niuangalie wimbo unaofuata.

Mwandishi: Hapo hapo. Ukainuka tena?

haraka_haraka: Simu ikiwa bado mkononi.