Kufundisha Kimashi mtoto anayekisikia lakini anajibu kwa Kiswahili

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, watoto wengi wa mitaa ya Kadutu na Bagira wanasemeshwa Kimashi, lugha ya Washi, na nyanya zao kila siku. Mtoto akitumwa maji analeta, akigombezwa anajua kosa lake, ila jibu linatoka kwa Kiswahili au Kifaransa cha shule. Mwongozo huu ni wa mtoto huyo.

1. Pima masikio. Mtume vitu vya jikoni kwa Kimashi. Anachotekeleza, usimfundishe tena. Orodha za rangi na hesabu ziweke kando, zitamchosha bure.

2. Rekodi sauti. Mwombe nyanya aeleze anavyopika sombe, mboga ya majani ya muhogo, tangu kuyatwanga. Simu yoyote inatosha. Mimi naiamini sauti kuliko kitabu: Kimashi kina toni, yaani sauti kupanda na kushuka hubadili maana, na maandishi ya kawaida hayazionyeshi.

3. Mfanye ajibu. Hatua hii itakula muda kuliko zote, usiikimbilie. Zungumza kwanza na watu wazima wa nyumba, mtoto akiwa hayupo. Waombe wasimcheke. Shangazi mmoja akiiga matamshi yake mbele ya wageni, mtoto anafunga mdomo kwa wiki nyingi, na hakuna zoezi litakaloufungua. Kisha anza na maswali ya kuchagua: sombe au lengalenga (mchicha)? Jibu la neno moja ni jibu kamili, lipokee. Akikosea, usimkatize, rudia sentensi yake ikiwa imenyooka, kama mtu anayeendeleza mazungumzo, na umwache aisikie. Akichanganya Kiswahili katikati, mwache amalize. Kumwambia nyanya ajifanye haelewi Kiswahili sikushauri: mtoto anajua ni uongo, na anaona lugha ni mtego. Afadhali umkutanishe na mzee ambaye kweli anazungumza Kimashi tu. Na kama nyanya mwenyewe amezoea kumjibu mjukuu kwa Kiswahili, anza na nyanya.

4. Sarufi. Kidogo tu. Anayesema mtu na watu tayari ana njia ya *omuntu* na *abantu*. Mkazie irabu ya mwanzo, maana wengi wanaiacha: *omwana*, *abana*.

5. Kusoma. Anayesoma Kiswahili ataanza mwenyewe.

6. Mtoe nyumbani. Likizo kwa ndugu wa Walungu au Kabare, maeneo ya Washi nje ya mji, inasaidia sana, njia ikiwa salama. Isipokuwa salama, apige simu kila Jumapili, na aliyeko upande wa pili aombwe kuuliza maswali, asitoe salamu tu.