Jinsi ya kuchagua toleo jipya la albamu ya zamani

Kabla hujatoa hata pauni moja, fanya jaribio hili. Tafuta "She's Leaving Home" ya mono, yaani sauti yote katika mkondo mmoja, kutoka albamu ya Beatles, Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya 1967, uisikilize hadi mwisho. Halafu weka ya stirio, ile iliyogawanywa kushoto na kulia. Kinubi ni kilekile, fidla zilezile, Paul McCartney yuleyule, lakini hii ya pili inajikokota na imeshuka nusu toni. Siku nilipoisikia tofauti hiyo, sebuleni kwangu Leicester, nilirudia mara tatu nikidhani gramafoni imelegea mkanda. Haikuwa na lolote. Wimbo ni mmoja, umechanganywa mara mbili, yaani ala na sauti zimepangwa na kuunganishwa mara mbili, kwa kasi mbili.

Wakati ule mono ndiyo iliyokuwa ikisikilizwa majumbani Uingereza, kwa hiyo Beatles walikaa wenyewe studio kuichanganya. Stirio ilifanywa baadaye, haraka haraka, bila wao. Mtu akikwambia kanunua Sgt. Pepper, muulize: ipi?

Basi swali la kwanza dukani ni kama toleo hilo ni rimasta au rimiksi. Rimasta huchukua tepe ya mwisho, iliyokwisha kuchanganywa, na kuisafisha: besi, ukali, kiwango cha sauti. Rimiksi hurudi nyuma zaidi, kwenye tepe ambazo ngoma, gitaa na waimbaji bado wametengana, na kuupanga wimbo upya. Sgt. Pepper ya 2009 ni rimasta. Ya 2017 ni rimiksi ya Giles Martin, mwana wa George Martin, prodyuza wa albamu yenyewe. Baba alikuwa na mashine za treki nne tu, yaani njia nne za kurekodia. Zikijaa, aliziunganisha na kuzihamishia kwenye tepe nyingine ili apate nafasi, na kila akihamisha, ule mlio wa "shhh" uliongezeka na ala zikafifia. Mwana alikwenda kwenye tepe za kabla ya kuhamishwa. Ndiyo maana ngoma za Ringo Starr humo zina kifua.

Mimi kwa kawaida siamini rimiksi. Queen ndio walionilegeza. Freddie Mercury, mwimbaji wao, kazaliwa Unguja kama mimi, mwaka 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, na albamu yao ya kwanza ya 1973 nimeipenda miaka yote nikijua ngoma zake zimezibwa, kama zimepigwa ndani ya kabati la nguo. Bendi wenyewe hawakuridhika nazo tangu siku hizo. Mwaka 2024 albamu ikatoka upya, imechanganywa upya, ikiitwa Queen I, na ngoma zikapumua. Tangu hapo nimeweka kanuni: rimiksi ina haki pale waliotengeneza kazi walipokuwa na dukuduku nayo.

Swali la pili: santuri imekatwa kutoka kwenye nini, yaani mifereji yake imechongwa kwa kufuata chanzo gani cha sauti? Kibandiko cha "gramu 180" hakikwambii lolote kuhusu sauti, kinakwambia uzito wa plastiki. Santuri za stirio za Beatles za 2012 zilikatwa kutoka kwenye faili za dijitali. Za mono za 2014 zilikatwa moja kwa moja kutoka kwenye tepe, na ukizipata, zishike. Niliwahi kutoa pauni 25 kwa toleo lenye jarada zuri kabisa, picha zinang'aa, na sauti kama ya mtu anayeimba chini ya mto. Hakuna palipoandikwa sauti imetolewa wapi. Siku hizi nisipoona chanzo kimeandikwa, nairudisha rafuni.

Kwa mitumba, ielekeze santuri kwenye taa utazame eneo tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Kwenye santuri za miaka ya 60 za EMI, kampuni ya Beatles, namba kuu iliyochongwa hapo ikiwa chini mbele yako, upande wa kulia utaona herufi ndogo. Hizo ni tarakimu zilizofichwa ndani ya neno GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, mpaka T ni 9, na D ni 0. Ukiona GR, santuri hiyo imechapwa kwa bamba la 12. Namba ndogo ni dalili ya kazi ya mapema. Hapa nimekaa dakika nyingi sokoni Jumamosi, mwenye meza akinisubiri.

Nyimbo za nyongeza zisikubabaishe, isipokuwa zinapokamilisha kitu. Live at Leeds ya The Who ilitoka 1970 na nyimbo sita. Toleo la 1995 lina 14, na la 2001 likaongeza Tommy, albamu yao nyingine, waliyoipiga usiku uleule. Hapo unapata onyesho zima.

Ukilinganisha matoleo mawili, sawazisha kwanza sauti. Matoleo mengi ya karibuni yamepandishwa kiwango, na sikio hudhani chenye kelele zaidi ndicho bora. Punguza lenye kelele zaidi hadi yalingane, kisha usikilize wimbo mmoja, usiruke-ruke.

Na kama una pesa ya Sgt. Pepper moja tu, na mono ya 2014 imekushinda bei, chukua ile ya 2017. Giles Martin aliifuata mono: "She's Leaving Home" humo inakwenda kwa kasi yake.