Somo: Parotta ya Malabar kwa unga wa maida

Maida ni unga wa ngano mweupe kabisa: pumba na kiinitete vimeondolewa, ukabaki moyo wa punje uliosagwa laini. Kaskazini mwa India wanaufanyia mikate ya bhatura na naan. Kerala, jimbo la kusini mwa India kwenye pwani ya Malabar, wanautengenezea parotta, mkate bapa wa tabaka tabaka, na leo tunapika hiyo.

Mahitaji: maida gramu 500, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, sukari kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko vikubwa 2, maji ya uvuguvugu kama mililita 300. Weka na mafuta mengine pembeni, usiyaonee huruma.

1. Changanya vyote, maji ukiyatia kidogo kidogo. Kanda dakika 10 hadi 15. Donge liwe laini kuliko la chapati, karibu linate mkononi. Lipake mafuta, lifunike, liache saa moja.

2. Kata matonge 10. Yapake mafuta tele, yafunike tena nusu saa. Hapa ndipo wengi huharakisha, halafu wanalaumu unga.

3. Paka meza mafuta. Bonyeza tonge, lisukume kidogo, kisha vuta kingo kwa vidole kuzunguka hadi uone meza kwa chini. Likitoboka hapa na pale si neno, matundu yatafichwa na mikunjo. Wapishi wa hoteli za Kerala hulirusha na kulipigapiga mezani hadi litanuke. Mimi nilijaribu, likaniangukia begani.

4. Likusanye kwa mikunjo midogo kama feni ya karatasi, upate kamba ndefu. Izungushe kama konokono, ncha uifiche chini. Pumzisha dakika 15.

5. Bonyeza kwa kiganja, usitumie mpini wa kusukumia chapati, tabaka zitagandana. Choma kwenye tawa, moto wa kati, ukitia mafuta, hadi pande zote ziive rangi ya dhahabu.

6. Zikiwa bado za moto, panga tatu pamoja uzipige kwa viganja kutoka pembeni, kama unapiga makofi. Tabaka zitaachana. Kula na rosti ya nyama ya ng'ombe.

MASWALI

Dada, maida sijaiona dukani kwetu. Nitumie nini?
Unga mweupe wa ngano wa chapati unafaa kabisa, mpenzi. Ila usiwe ule uliokwisha tiwa beking pauda.

Na atta je?
Atta ni unga wa ngano uliosagwa na pumba zake. Pumba hukata ule mvutano wa donge, hivyo halitanuki likawa jembamba. Ipikie chapati.

Langu linarudi nyuma kila nikivuta!
Halijapumzika. Lifunike dakika 20 zaidi, uende ukaunge mchuzi.

Hii si ndiyo chapati yetu ya kusukuma?
Ni ndugu yake. Sisi tunapaka mafuta, tunaviringisha, tunasukuma kwa mpini. Hii huvutwa kwa mkono na kupigwa makofi, ndiyo maana inachambuka nyuzinyuzi.

Zimebaki nne tangu jana, zimekauka.
Zikatekate, zikaange na kitunguu, nyanya, pilipili, bizari na mayai mawili. Watamil, watu wa kusini mwa India, huiita kothu parotta, na mwenzenu huziacha zibaki makusudi.